Fuvu Lenye Taya

Nyasi nzuri kuliko zote mjini Voi zilikuwa makaburini. Sisi watoto wa kwota za reli tulilijua hilo vizuri, kwa sababu kwingine kote ulikokanyaga ni vumbi jekundu na miiba, lakini kwenye makaburi ya askari wa ile vita ya kwanza ya Wazungu nyasi zilikatwa, mawe yalipangwa safu kwa safu, na kila jiwe lilikuwa na jina lake. Pale ndipo nilipojifunzia kusoma, kabla sijaanza shule. Nilikuwa napitisha kidole kwenye herufi moja moja huku dada zangu wakirukaruka. Siku moja nikamwuliza baba mbona hakuna jina hata moja la Mdawida wala la Mjaluo, na hao ndio watu niliowajua mimi duniani.

Baba alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Akasema, "Hao walibeba mizigo. Wabebaji hawaandikwi."

Jibu lile lilinikera, na linanikera hadi leo. Nimefundisha shule za msingi miaka zaidi ya thelathini, nimestaafu, na bado mtu akiniambia kwamba jambo fulani ndivyo lilivyo, mkono unaanza kuwasha nataka kuunyoosha niulize. Mama yangu alikuwa Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, juu ya Mwatate. Baba alikuwa Mjaluo aliyeletwa Voi na kazi ya reli. Mtoto wa namna hiyo huzoea kuuliza, maana kila upande unamwambia mambo yake yako upande ule mwingine.

Mwaka jana binamu yangu mchungaji alinipigia simu kutoka milimani. Ukoo wa mama ulikuwa umekaa kikao na kuamua kuyateremsha mafuvu ya wazee.

Kwa asiyejua, zamani Wadawida walimzika mtu, wakangoja mwaka mmoja au zaidi, kisha wanaume wa ukoo wakafukua kichwa chake na kukipeleka ngomenyi, yaani kwenye pango la ukoo, chini ya mwamba, mahali pakavu. Humo vichwa vilipangwa mstari mmoja. Mvua ikikawia, au ugonjwa ukiingia, watu walikwenda kuwasemesha wazee wao na kuwamiminia pombe ya miwa. Baadaye kanisa likaja, tukaanza kuzika mtu mara moja na kumwacha, lakini waliokuwa pangoni walibaki pangoni. Siku hizi wageni hupanda na simu zao kupiga picha, na kwa jirani zetu fuvu moja lilishatoweka. Ndipo ukoo ukaamua wote wazikwe kwenye kaburi moja pale nyumbani, kwa maombi, majina yao yachorwe kwenye saruji.

"Dada, wewe ni mwalimu, una hati nzuri," binamu akaniambia. "Na Mama Mkubwa amesema hatataja majina mpaka uje wewe uandike."

Mama Mkubwa ni dada wa kwanza wa mama yangu, na ndiye pekee aliyebaki wa kizazi chao. Ameshapita miaka tisini. Macho yamechoka, ulimi haujachoka hata kidogo. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, kivulini kwa tangi la maji, na kitambaa chake cha akina mama wa kanisa kichwani.

"Umekuja na kalamu?" akaniuliza kabla sijamsalimu vizuri.

"Nimekuja nayo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Andika. Mimi nataka kitu kimoja tu kabla sijaenda. Nisikie jina la babu yangu likisomwa mbele ya watu. Huyo hajawahi kusomwa popote."

Nikaandika. Alikuwa anayajua mafuvu yote kumi na moja kwa mpangilio, kuanzia upande wa mawio, huyu mwana wa huyu, huyu alikufa kwa nyati, huyu alikuwa mchoyo lakini mwandike. La mwisho, la kumi na moja, ndilo la babu yake. "Huyo utamjua mara moja," akasema. "Ndiye mwenye taya."

Habari ya taya hiyo niliijua tangu utotoni, kama mnavyojua hadithi za kwenu. Wazungu walipopigana wao kwa wao, Mjerumani alikuwa Taveta na Mwingereza alijaa Mwatate na mahema yake. Reli ikasukumwa haraka kutoka Voi kuelekea Maktau, nchi isiyo na maji, na wanaume wa milimani wakakusanywa kubeba. Babu yake Mama Mkubwa aliambiwa ni siku chache, kupeleka maji tu. Aliacha mke kijana na mtoto anayenyonya. Mtoto huyo ndiye baadaye aliyemzaa Mama Mkubwa na mama yangu. Mke kijana ndiye niliyekuja kumwita Nyanya Mkubwa, maana aliishi mpaka nikamkuta, nikamkalia mapajani.

Siku chache ziligeuka miaka. Bunduki zikanyamaza. Waliorudi walirudi, wengine wakiwa mifupa inayotembea, na nyuma yao ikaja homa, na nyuma ya homa njaa. Nchi ya tambarare, ambako mbuzi wa ukoo walikuwa wakilishwa, ilipandwa mkonge wa walowezi. Kodi ya nyumba haikungoja mwenye nyumba arudi. Ndugu za mume walitaka kumrithi Nyanya Mkubwa kama ilivyokuwa desturi, naye akakataa, akawaambia hajaona kichwa. Bila kichwa pangoni, mtu hajafa kikamilifu, na mke wa mtu asiyekufa harithiwi. Hapo aliwabana wazee kwa sheria yao wenyewe. Akateremka kupalilia mkonge ili ajilishe, na kila aliyetoka upande wa Maktau alimuuliza.

Karibu miaka kumi ilipita hivyo. Mwishowe wanawake waliokuwa wakiokota kuni walimwambia kuna mifupa kwenye handaki la askari. Alitembea siku mbili kufuata reli. Kwenye handaki akakuta mtu amelala kwa ubavu, na karibu na mkono wake pembe ya ugoro yenye mistari mitatu aliyoichoma yeye mwenyewe kwa waya wa moto, akiwa bibi harusi. Akachukua kichwa, akakifunga kwa leso, akakitia kwenye kikapu na kupanda nacho mlima.

Sasa, kichwa hufuatwa na wanaume. Wao ndio waliojua kwamba taya ya chini huachwa kaburini, na jambo hilo hawakuwahi kumwambia mwanamke, kwa nini wamwambie? Yeye akaleta kila kitu, fuvu na taya yake. Shemeji zake walifoka. Mzee mmoja akasema, amekwisha kufika, mnataka arudi Maktau na miguu gani? Wakamweka mwisho wa mstari, taya yake chini yake. Katika familia yetu ukifanya kazi vizuri kupita kiasi bado unaambiwa umeleta na taya.

Nilipanda pangoni na binamu yangu asubuhi. Yeye alivaa glavu za mpira, mimi nilishika daftari. Nilifuata majina niliyopewa, nikaweka alama moja baada ya nyingine, na kusema kweli nilikuwa na furaha ya mwalimu anayeita rejista na kukuta darasa zima lipo. Tukafika kwa wa kumi na moja. Pembe ya ugoro ilikuwa pale pale kando yake, mistari mitatu inaonekana. Binamu akainua taya akaielekeza kwenye mwanga ili niione.

Meno sita ya mbele hayakuwapo.

Hayakuwa yameng'oka kwa sababu ya miaka ya pangoni. Jino likidondoka baada ya mtu kufa huacha tundu. Pale mfupa ulikuwa umeziba, laini, umefungwa siku nyingi wakati mwenyewe angali hai. Na taya hiyo niliifahamu. Nilikua nikiitazama kila baba alipocheka, kila alipopuliza chai. Kwao, magharibi, kijana aliondolewa meno sita ya chini ndipo akahesabiwa mtu mzima. Baba alikuwa miongoni mwa wa mwisho mwisho kufanyiwa. Wadawida wa zamani walichonga meno yao yakawa na ncha. Ya chini hawakuyang'oa. Nikaangalia ya juu. Hayakuchongwa.

Kwanza nilicheka. Kisha niliogopa, nikatafuta jiwe nikaketi.

"Huyu si babu," nikamwambia binamu. "Huyu ni mtu wa kwa baba yangu."

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameishika ile taya kwa mikono miwili, halafu akasema kwa upole wake wa kichungaji, "Dada, tuendelee tu. Bwana anawajua walio wake."

"Bwana anawajua. Saruji haiwajui."

"Basi tutamwambiaje Mama Mkubwa? Jumamosi tunazika. Amengoja maisha yake yote."

Hapo alinishika pabaya. Njia ya kushuka si ndefu, lakini niliishuka polepole kuliko nilivyopanda. Nilijiambia kwamba aliyekufa amekufa, kwamba mwanamke wa miaka tisini na ushee hahitaji somo la mifupa, kwamba hakuna aliyeniuliza. Lakini nilikuwa nawaza pia yule wa pangoni. Miaka mia ameitwa jina la mwingine, ameombwa mvua ya watu wengine, na mvua nyingine zilinyesha. Nikiandika jina la babu juu yake, basi na yeye nitakuwa nimemfanya mbebaji asiyeandikwa, na safari hii kwa hati yangu nzuri.

Halafu nikakumbuka jambo la harusi, nikasimama katikati ya njia.

Baba alipokuja kumposa mama, ukoo ulikataa. Mtu wa kuja, kazi yake ya kuhamishwa hamishwa, na hana meno, chakula chetu cha kimanga atakila vipi? Nyanya Mkubwa, mwenye sauti ya mwisho, akaomba aletewe huyo kijana mlangoni penye mwanga. Akamwamuru afungue mdomo. Akaangalia pengo la meno ya chini kwa muda mrefu, akauliza nani aliyamaliza, naye akamjibu kwamba kwao ndivyo vijana wote wanavyofanyiwa, tangu enzi za mababu. Nyanya Mkubwa akaketi chini. Alipoinuka alisema maneno mawili tu, "Mpeni mke," akaingia ndani. Hadithi hiyo ilichekewa kila Krismasi: Nyanya alimkagua bwana harusi kama mbuzi wa mnadani, akamwona anafaa.

Mama Mkubwa alinisikia nikifika. "Mbona umenyamaza?" akasema. "Wewe tangu utoto ukishikwa na swali unakuna shingo. Nasikia unakuna."

Nikavuta kigoda nikamwambia yote, meno, mfupa uliofunga, baba yangu. Sikupamba. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya fimbo. Nilijuta kila neno.

"Basi ndiye yule samaki," akasema.

"Samaki gani, Mama?"

"Si wewe ndiye uliyekuwa ukimleta?"

Ni kweli. Nikiwa mdogo, kila tukipanda milimani kutoka Voi, baba alinipa furushi la samaki mkavu aliyeletewa na ndugu zake kwa treni, nimpelekee Nyanya Mkubwa. Ilikuwa amri ya Nyanya tangu harusi. Abiria walivuta pua basi zima. Na wazee wa kwetu hawakula samaki; walimwona ndugu wa nyoka. Hata Nyanya sikumwona akimla siku moja, nami sikuwa na akili ya kuuliza anakwenda wapi.

"Alikuwa akimpeleka ngomenyi," Mama Mkubwa akasema. "Mimi nilimfuata mara moja. Wanawake hatukuwa tunaenda huko, lakini yeye nani angemzuia? Nikamwona anammegea vipande vipande pale mbele ya yule mwenye taya. Nikamuuliza, Nyanya, babu alikula samaki lini? Akanijibu, kila mtu anataka chakula cha kwao. Mimi nikasema basi, ni uzee."

Tukatazamana, ingawa sidhani aliniona vizuri. Nyanya Mkubwa alijua. Alijua tangu siku ile mlangoni, miaka zaidi ya thelathini baada ya kubeba kikapu kile, kwamba aliyembeba hakuwa wake. Kule handakini aliiamini pembe tu, meno hakuyauliza. Hakumwambia mtu. Hakumtoa pangoni. Alimpa mjukuu wake kwa mtu wa kwao, na akamtafutia samaki.

"Na ile pembe?" nikauliza. "Pembe ni ya babu, mistari ni ya Nyanya. Ilifikaje kwa huyu?"

"Mtu hampi adui pembe yake ya ugoro," akasema. "Walikuwa wakivuta pamoja."

Zaidi ya hapo hatujui, na nimejaribu. Labda mmoja alikufa mbele ya mwingine. Labda babu aliugua akapelekwa mbele au nyuma, akamwachia mwenzake amshikie. Ningetoa mengi nijue walisemezana kwa lugha gani, Mdawida na Mjaluo, wakati Kiswahili chenyewe wote wawili walikuwa wanakiokota njiani.

Kisha Mama Mkubwa akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na babu yangu je? Yuko wapi?"

"Sijui, Mama."

"Kwa hiyo Jumamosi hasomwi."

Hakulia. Ningependa angelia. Alikunja mdomo tu, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeambiwa safari imeahirishwa, nami nikajiona mtu mbaya sana mwenye kalamu.

Kilichonisaidia ni udaku wangu wa zamani. Nilikumbuka nimekaa kizingitini, Nyanya Mkubwa anamuuliza baba, "Huko kwenu, mtu akipotelea mbali mnamfanyaje?" Baba akaeleza kwamba huchukuliwa tunda la yago, refu, zito, likalazwa kaburini mahali pa mwili, likazikwa kwa kilio kama mtu. Bibi yake mwenyewe alizika tunda la namna hiyo kwa mwanawe aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita ile ile. Nakumbuka Nyanya Mkubwa alitikisa kichwa na kusema, "Tunda. Hivyo ndivyo." Nilidhani anawashangaa.

Nikamwambia Mama Mkubwa. Akafikiri.

"Hilo tunda ni la huko kwao tu?"

"Hapana. Ni mwegea. Iko mingi tu, kando ya mto, Voi. Ile yenye matunda yanayoning'inia kama soseji."

"Hiyo naijua. Lete."

Jumamosi nilipanda na tunda lenye uzito wa mtoto mchanga, limefungwa kwa leso mpya, na samaki mkavu mmoja ndani ya gazeti. Kina mama walioketi jirani nami kwenye basi walivuta pua. Binamu yangu alilitazama lile tunda kwa muda, nikajua anatafuta aya. Hakuipata, au aliipata, maana alinyoosha mikono akalipokea. Mafuvu yakalazwa kwa mstari ule ule wa pangoni. Wa kumi na moja akalazwa na taya yake, na ubavuni mwake tukaweka tunda. Mama Mkubwa akaagiza pembe ya ugoro iwekwe katikati yao. Samaki nilimwingiza mwenyewe, haraka, na mchungaji akawa anatazama kwingine.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila jina likisomwa, watu wa uzao wake waitike, "Tupo." Binamu akasoma. Sauti zikaitikia, nyingine za wazee, nyingine za vijana waliokuwa wamezima simu mifukoni. Alipofika kwa babu, alilitaja jina lake lote, na jina la baba yake, na la kijiji. Mama Mkubwa alisimama. Tulikuwa tumemkataza kusimama. "Tupo," akasema, peke yake, kwa sababu wengine wote tulinyamaza tumsikie.

Karatasini palikuwa na mstari mmoja zaidi, nilioandika mimi. Binamu akasoma: "Na mwenzake, mtu wa magharibi, ambaye jina lake hatulijui."

Watu wakaangaliana. Ni kweli, nani angeitika? Hakuna wa uzao wake pale. Nilikuwa nimeita rejista maisha yangu yote, na najua ukimya wa jina lisilo na mwenyewe. Darasa hugeuka nyuma kutazama dawati tupu. Nikaona nyuso za ukoo wa mama zinageuka, moja baada ya nyingine, zinanitazama mimi.

Nikasimama. "Tupo," nikasema.

Mama Mkubwa akanivuta gauni. "Sema kwa nguvu, mwanangu," akaninong'oneza. "Ametoka mbali."